Siku Rayhana Alipokwama Ng'ambo

Watu wengine wakienda kusoma ng'ambo husomewa dua, hushonewa nguo mpya, na mama zao hulia mpaka leso zikalowa. Rayhana wa Mbugangari, mtaa wa Gisenyi huku Rwanda, alisoma ng'ambo na kila siku akarudi kwao kula maharage. Ng'ambo yake ilikuwa Goma, na Goma kutoka kwao ni kuvuka bariyeri tu, ule mti wa chuma wa mpakani. Ukisimama juu ya karo la kufulia la nyumba yao, pale nyuma, unaziona nguo za Wakongo zimeanikwa, na ukiwa na macho mazuri utajua nani kafua leo na nani kalala. Hata hivyo ile ni nchi nyingine, ina bendera yake na askari wake, na kitambulisho unakionyesha kwenda na kurudi. Kwa hiyo tusimnyime haki yake. Gisenyi nzima ilijua kwamba binti wa fundi Sebagabo anasoma ng'ambo.

Alikuwa akisomea uuguzi katika chuo kidogo cha mtaa wa Birere, karibu kabisa na mpaka, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Asubuhi alitoka pamoja na wanawake wabeba karoti na nyanya, akavuka, akaingia darasani, akatoka, akavuka. Mwaka ule upande wa Kongo walikuwa wameanza kufunga saa tisa mchana kwa ajili ya usalama, na wakifunga wamefunga. Uwe mwanafunzi, uwe muuza vitunguu, uwe bibi harusi, utalala hapo ulipo. Basi Rayhana alijifunza kukimbia na koti lake jeupe kwapani. Muda wote huo wa kusoma Goma, Goma aliyoijua ilikuwa barabara moja, ukuta wa chuo, na mama mmoja muuza mandazi. Ungemwuliza mji wenyewe ukoje, angekutazama tu.

Lakini hilo silo la kumjulia Rayhana. La kumjulia ni kwamba alikuwa hajui kukataa. Ukimpa chai iliyojaa sukari, anainywa. Ukimwomba viatu, anatoa, anakwenda na ndala. Mtaani walimsifu, "Mtoto wa Sebagabo mutulivu kweli, sauti yake haujaisikia hata siku moja," na akina mama wengine wakawaambia mabinti zao wamwige. Sifa gani hizo! Mtoto asiyesikika ndiye anayetumwa kila mahali, na Rayhana alitumwa mpaka na watu wasio wa kwao.

Baba yake, Haruna Sebagabo, alikuwa fundi wa kanzu. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, cherehani mlangoni na benchi la wateja ukutani, na wateja wenyewe wengi walikuwa wazee wa msikitini ambao kanzu zao zilikuwa zimekwisha siku nyingi na bado wamekaa. Siku ya kwanza Rayhana aliporudi na koti jeupe la chuo, mmoja wao aliuliza, "Sebagabo, binti mkubwa hivi bado anavuka mpaka?" Fundi aliendelea kushona. Alimlipia mwanawe ada bila kunung'unika, tena alijivuna naye moyoni, ila jibu la kumpa mzee yule hakuwa nalo. Kesho yake akamwambia binti, "Pita nyuma, mwanangu, hapa kuna watu." Rayhana akapita nyuma. Akapita nyuma siku hiyo na siku zote zilizofuata, kwenye kichochoro chenye maji machafu, akiwa amepandisha sketi isichafuke.

Kisha akaja Idrisa Harerimana, muuza vipuri vya magari huko Kigali, mtaa wa Nyamirambo. Ingekuwa rahisi kusema alikuwa mtu mbaya, lakini hakuwa. Alikuwa na adabu, alisali, na mara mbili alimletea fundi dawa ya kifua kutoka mjini bila kuombwa. Aliposema anataka kumposa Rayhana, aliongeza kwa upole kabisa kwamba mke wake hatahangaika tena na mipaka, atakaa nyumbani, na masomo aliyonayo yanatosha. Fundi hakusikia lile la masomo. Alisikia la mipaka. Tangu kufunga saa tisa kulipoanza, kila ilipokaribia saa hiyo mguu wake ulitulia juu ya pedali na cherehani ikanyamaza, mpaka asikie mlango wa nyuma umelia. Akaona hapa nimepata wa kunipumzisha.

Rayhana hakumtaka Idrisa. Au tuseme hakutaka ule mwaka mmoja uliobaki umpotee, na mtu na mwaka vilikuja vimefungwa pamoja. Alimwambia mama yake tu, wakiwa jikoni wanamenya viazi.

"Utaulizwa," mama yake Zaituni alimwambia. "Shehe Nsengiyumva hagusi maneno ya mahari kabla hajamuuliza binti mwenyewe."

Na kweli, shehe alikuwa na utaratibu wake, na mjini wote waliujua. Siku ya posa binti hukaa chumba cha ndani. Shehe huja na mashahidi wawili, akasimama nje ya pazia, akauliza. Binti akisema hapana, wageni wanakunywa chai yao wanaondoka na hakuna ugomvi. Akinyamaza, basi ni haya za kike zimemshika, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake.

"Na wewe uliulizwa, mama?"

"Niliulizwa."

"Ukasemaje?"

"Nilinyamaza."

"Ulikuwa umekubali?"

Zaituni aligeuza kiazi mkononi, akakitoa jicho moja, akatafuta lingine. "Lete maji," alisema.

Posa ikapangwa Jumamosi, baada ya sala ya alasiri. Wiki nzima Rayhana alifanya mazoezi ya neno moja. Alilisema bombani maji yakipiga kelele, akalisema njiani ndani ya mtandio. Sitaki. Neno dogo, watoto wa miaka miwili wanaliweza, lakini yeye kila alipofika kwenye "ta" alikuwa anaishia hapo.

Ijumaa, mwenzake wa darasani aitwaye Asifiwe, msichana wa Goma mwenye maneno mengi ya kuwatosha wote wawili, akamshika mkono nje ya chuo. "Sasa banakupeleka Kigali, na hata Goma haujaiona? Utasema ulisoma wapi? Kuya kesho, nikutembeze. Mama anataka kukuona pia."

Angekataa vipi huyu? Lakini safari hii, kusema kweli, alitaka mwenyewe. Mama yake alimtazama muda, akamwambia, "Nenda ukapumue kidogo. Ila saa nane uwe ndani ya nyumba hii, umeoga."

Kwa hiyo Jumamosi Rayhana alivuka kama mgeni, bila koti, amevaa gauni la Idi. Asifiwe akasimamisha pikipiki, wakapanda wote wawili nyuma ya dereva mmoja, jambo ambalo Gisenyi lingewapeleka polisi. Rayhana akanyoosha mkono kungoja kofia ngumu, ile ambayo kila abiria wa Gisenyi huvalishwa.

"Unaomba nini?" dereva aliuliza.

"Kaske."

Dereva na Asifiwe walicheka mpaka pikipiki ikayumba.

Aliiona Goma. Aliona kuta za mawe meusi, yale ya moto wa mlima yaliyopoa, watu wakayavunja na kujengea. Aliona vijana wakisukuma chukudu, zile baiskeli zao za mbao zisizo na pedali, zimebebeshwa magunia ya makaa mpaka msukumaji haonekani. Wakafika ziwani. Ziwa ni lilelile Kivu alilozaliwa nalo, lakini kutoka pale aliiona Gisenyi ng'ambo ya maji, imekaa chini ya kilima chake, nyumba zote zimeshikana. Alijaribu kuitafuta ya kwao akashindwa. Akawaza kwamba amekaa ndani ya mji ule maisha yake yote na hajawahi kuuona. Alifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa imefungwa kamba mguuni. Kila baada ya muda mfupi alitoa simu akaangalia saa, akairudisha.

"Utaimaliza hiyo simu na macho," Asifiwe alimwambia. "Twende kwetu. Tunasalimia tu, tunarudi."

Kwao Asifiwe kulikuwa Ndosho, mwisho kabisa wa mji, upande usio wa mpaka. Mama Asifiwe alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani. Alimkumbatia Rayhana, akamkalisha kwenye kiti kizuri, akamtazama kwa furaha hata Rayhana akaona aibu.

"Karibu, mutoto yangu. Ikala. Siku yote Asifiwe anakusema. Utakula kuku."

"Asante, mama. Ila bariyeri..."

"Bariyeri haina miguu, haitaenda fasi. Mutu hatoke mu nyumba yangu na njaa."

Rayhana akaona bado kuna muda, wakiharakisha. Lakini uani jogoo alikuwa bado anatembea na miguu yake miwili, na jiko halijawashwa. Akamnong'oneza Asifiwe. Asifiwe akamwuliza mama yake. Mama akaeleza, tena kwa fahari, na ilikuwa haki yake kuona fahari.

"Mi najua yeye ni Muislamu. Sisi hapa tukichinja, yeye hatakula. Nimetuma batu kwa Papa Juma, Muislamu wa jirani, akuye achinje yeye mwenyewe, na bismillahi yake yote. Nani atasema Mama Asifiwe alilisha mugeni kitu haramu?"

Papa Juma hakuwepo kwake. Alikuwa amekwenda sokoni. Wakamngoja Papa Juma.

Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kimya kimya. Kulikuwa na sombe pale, yaani kisamvu, imepikwa tangu asubuhi. Kulikuwa na wali. Rayhana angesema tu, "Mama, mimi leo naposwa, nipe sombe vijiko viwili niondoke," na mama yule angempakulia, angempigia vigelegele, angemsindikiza mpaka barabarani. Neno lilikuwa hilo tu. Lakini unamwambiaje mtu aliyemtafutia mchinjaji kwa ajili ya dini yako kwamba huna nafasi ya kumla kuku wake? Rayhana aliweka mikono juu ya magoti, akatabasamu. Mama Asifiwe akaona mtoto ametulia, akaridhika, akachochea makaa.

Papa Juma akaja. Akachinja. Akakaa kidogo aongee na Rayhana habari za Waislamu wa Gisenyi, anawajua wengi, akauliza fulani yu hai na fulani alikufa na nini. Kuku akanyonyolewa, akaungwa, akaiva pole pole maana alikuwa jogoo wa miaka. Bukari, ugali wao, ikasongwa. Rayhana alikula na kila tonge lilishuka limejaa saa. Alikuwa mtu aliyefungiwa katika nyumba yenye milango wazi, na waliomfungia walikuwa wanamwongezea mchuzi.

Na aliponyanyuka kulikuwa na la mwisho. Mama Asifiwe alitaka kumpelekea Zaituni paja na kifua. "Mu mufuko wa plastiki hapana, kule kwenu banakamata," alisema, akaanza kutafuta sufuria yenye kifuniko chake. Ilipatikana sufuria, kifuniko kikakosekana. Kikatafutwa. Rayhana alisimama mlangoni anatazama jua.

Dereva wa pikipiki alifanya alichoweza. Sokoni magari yalikuwa yamefungamana, wakaiacha barabara, wakapita juu ya mawe, sufuria ikimpiga Rayhana kifuani na mchuzi ukimlowesha gauni la Idi. Rayhana na Asifiwe walipofika bariyeri, ule mti wa chuma ulikuwa umeshateremshwa. Wanawake wa karoti na makapu yao matupu walikuwa wamesongamana mbele yake wakibishana na ofisa mmoja kijana aliyevaa miwani ya jua.

"Imefungwa, mama. Kesho asubui."

Rayhana akapenya mpaka mbele. "Afande, mi ni mwanafunzi. Nakaa pale. Nyumba yetu ni ile, ile yenye karo. Unaiona?"

Ofisa akageuka, akatazama kwa makini. "Naiona. Nyumba muzuri. Kesho."

Na ilikuwa inaonekana kweli, ndilo lililouma. Hapo katikati palikuwa na kipande cha barabara ambacho angekimaliza kabla hujamaliza kusema salamu. Aliuona ukuta wa nyuma, na ile khanga ya kijani ya mama yake kwenye kamba. Wageni wangekuwa wamevua viatu kwa upande wa mbele, asiouona. Akashika chuma kwa mkono mmoja, sufuria kwenye mwingine. Alikuwa hajawahi kulala nje ya Rwanda hata usiku mmoja. Alitaka kulia, akashindwa kuanza.

Pale bariyeri simu hushika mtandao wa Rwanda, na ghafla ya kwake ikaanza kutetemeka, simu zote za mama yake zikija kwa pamoja. Akapiga.

"Uko wapi?" Zaituni alikuwa ananong'ona.

"Bariyeri. Wamefunga, mama. Niko hapa hapa, naona khanga yako."

"Wageni wamekaa tangu walipotoka kusali. Baba yako amewaambia uko ndani."

"Ndani wapi?"

"Huku. Chumbani. Amesema una haya, hutaki kutoka." Sauti ya Zaituni ilizidi kushuka. "Niko mimi peke yangu huku, nimekaa kitandani kwako."

"Mama, mwambie aseme ukweli. Warudi kesho."

"Aseme nini? Kwamba siku ya posa binti yake yuko Goma anatembea? Watu wametoka Kigali, Rayhana. Alishikwa na aibu, neno likamtoka, na sasa ameshasema." Kisha kwa haraka, "Shehe amesimama. Anakuja."

Rayhana akaelewa. Ilimpanda taratibu kutoka miguuni. Shehe atasimama nje ya pazia na kuuliza. Mama hawezi kujibu, na yeye hayupo. Chumba kitanyamaza, kwa sababu chumba hakina mtu wa kusema, na kunyamaza ni ridhaa. Hawakumhitaji hata awepo. Kitanda chake na ukuta wake vingemkubalia mume, naye amesimama Kongo na sufuria ya kuku.

Kwenye simu ilisikika miguu ikikaribia, kikohozi, kisha sauti ya shehe, ndogo na ya mbali. "Rayhana binti Haruna. Idrisa Harerimana amekuja kwa heshima kukuposa, na baba yako hana kinyongo. Wewe umeridhika?"

Akafungua mdomo. Nyuma yake wanawake walikuwa wanagombana na ofisa. Alimwona baba yake akilini, amesimama nyuma ya shehe na kofia yake nyeupe, amewadanganya watu kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Nikisema, nimemwumbua mbele ya mashahidi. Nikinyamaza, nimekwisha. Akaanza "Sita", akaishia palepale anapoishia siku zote.

"Nakuuliza mara ya pili, mwanangu. Usiogope mtu. Umeridhika?"

"Mama," Rayhana alinong'ona. "Weka spika. Weka spika, mama."

Pumzi ya Zaituni ikasikika sikioni. "Sijui kuiweka."

Ni kweli, alikuwa hajui. Kwenye simu ile alijua kijani na nyekundu, mengine yote Rayhana ndiye aliyekuwa akimfanyia.

"Hii ni ya tatu na ya mwisho," shehe alisema. "Ukinyamaza, tutajua umekubali na tutamshukuru Mungu."

Kitanda kikalia. Kitu kikakwaruza kwenye simu, kitambaa juu ya kitambaa, na kwa ghafla kikohozi cha shehe kikawa karibu sana, kana kwamba Rayhana amemwekea sikio kifuani. Zaituni alikuwa amenyanyuka, ameibandika simu kwenye pazia.

"Sasa," mama yake alisema, na hakunong'ona.

"Sitaki!"

Lilitoka. Lilitoka na nguvu za mambo yote aliyopata kuyameza, na kwa kuwa alijua simu ni ndogo na pazia ni zito, akalirudia kwa nguvu zaidi. "Shehe, ni mimi Rayhana! Sitaki! Idrisa ni mtu mzuri, lakini sitaki! Nasoma!"

Wanawake wa karoti wakanyamaza wote. Ofisa alivua miwani. Upande wa Rwanda polisi wawili waligeuza shingo, na inasemekana, ila watu wa kwetu wanapenda kuongeza chumvi, kwamba wavuvi wa Rubona, mbali huko ziwani, nao waliinua vichwa.

"Unakataa nini, dada?" mama mmoja mwenye kapu aliuliza kwa upole.

"Mume," Rayhana alisema, akapangusa pua.

"Aa, bon," mama yule akasema, akamsogezea kapu lake akae.

Kwenye simu shehe akasema, "Nimesikia. Na mashahidi wamesikia." Akakohoa. "Lakini, Sebagabo, huyu binti anasemea wapi? Nasikia soko zima huko ndani."

Rayhana akafumba macho. Halafu akasikia sauti ya baba yake, imechoka, ya mtu anayetua mzigo asioutaka tena. "Yuko Goma, shehe. Alikwenda kutembea, wamemfungia. Nimewaongopea. Mnisamehe."

Simu ikakatika.

Alikaa juu ya kapu la mtu mpaka wanawake walipoanza kutawanyika, kila mmoja kwa ndugu yake wa upande ule. Asifiwe alikuwa akimshika bega. Neno lilikuwa limemtoka Rayhana, na yeye bado yupo palepale. Alidhani akilisema litafungua kitu. Chuma kilikuwa chini, nyumba ipo mbele ya macho, na kule nyumbani kulikuwa na baba aliyeaibika kwa sababu yake, na kesho itambidi aende amkute. Ilimjia kwamba leo amejitoa chumba kimoja akajifungia kingine.

Baba alimpigia wakiwa wanakaribia kuondoka.

"Umepata pa kulala?"

"Kwa kina Asifiwe, baba."

"Ni watu wema?"

"Wamenichinjia kuku. Walimtafuta Muislamu amchinje. Ndiyo maana nikachelewa."

Fundi alifikiri juu ya hilo. "Ungewaambia unaondoka."

"Ningewaambia," Rayhana alisema.

"Kesho ukivuka, pita dukani."

"Si nyuma?"

"Dukani." Akakata.

Neno hilo lilimnyima raha. Mama Asifiwe alimtandikia vizuri, alimpa sombe, akamwombea kwa sauti, na Rayhana aligeuka upande huu na ule akilipima. Dukani, mbele ya benchi. Anataka kunisema mbele ya wazee, ili wajue kwamba hakunilea hivi. Au anataka niwaombe radhi mmoja mmoja. Kila alipolipima lilitoka baya.

Asubuhi bariyeri ilipofunguliwa alivuka na watu wa kwanza. Pale njia zinapoachana, kichochoro kulia na barabara kushoto, miguu yake yenyewe ilikunja kulia. Akaisimamisha. Akaenda kushoto, gauni la Idi limeingia doa la mchuzi kifuani, sufuria ya watu mkononi.

Benchi lilikuwa limejaa. Jumapili hiyo kila mzee wa Mbugangari alikuwa amekumbuka kwamba kanzu yake inataka kupunguzwa. Wawili kati yao ndio walikuwa mashahidi wa jana. Maneno yalikatika alipotokea mlangoni. Baba yake alikuwa ameinama juu ya cherehani, mguu unakwenda, hakuinua kichwa.

"Asalaam aleikum," Rayhana alisema.

Wazee wakaitikia bila mpangilio. Fundi alimaliza mshono wake, akakata uzi kwa meno.

"Mlango wa nyuma nimeutia kufuli," alisema.

Rayhana akaishika sufuria kwa mikono miwili. Basi ndiyo hii. Atakuwa wa kuingia na kutoka chini ya macho ya baba yake mpaka apatikane Idrisa mwingine. Akauliza hata hivyo, kwa sababu tangu jana sauti ilikuwa bado ipo mdomoni. "Na chuo, baba?"

"Kesho si Jumatatu?" Fundi aligeuza kanzu, akatafuta upindo. "Utatokea hapa na utarudi hapa, na koti lako umevaa, si kwapani." Ndipo akainua kichwa, lakini hakumtazama binti yake. Alilitazama benchi. "Mwenye swali la kwa nini anavuka mpaka, amuulize yeye mwenyewe. Anajibu."

Hakuna aliyeuliza. Shahidi mmoja alivuta miguu yake nyuma apate kupita, kisha mwenzake, kisha benchi zima, goti baada ya goti, na Rayhana akapita katikati yao akinuka mchuzi. Zaituni alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Alimpokea sufuria, akafunua kifuniko, akatazama paja na kifua.

"Jogoo mzee," alisema. "Lazima alichelewa kuiva."

Huko dukani cherehani ilikuwa imeanza tena kwenda.